Maswali ya Wasomaji: Dhahabu ya Kaizari Ilikwenda kwa Nani?

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya medali ya dhahabu ya Constantius Chlorus, mtawala wa Roma, ile inayomwonyesha akiingia London akiwa juu ya farasi, na chini yake tukaweka maelezo ya mistari minne tu. Barua zilizotufikia tangu hapo zinaonyesha kwamba mistari hiyo haikutosha. Wengi wa walioandika wako Dodoma, Singida na wilaya za jirani, na karibu wote wanauliza habari za hesabu: medali hizo zilikuwa na thamani gani, nani alizilipia, na dhahabu yake ilichimbwa wapi. Tumechagua barua sita, na mahali ambapo wasomaji wawili wameuliza jambo moja tumewajibu kwa pamoja.

"Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamebishana darasani. Wapo wanaosema ile ni sarafu kubwa tu, na wapo wanaosema ni nishani kama wanazovishwa askari siku ya Uhuru. Je, mtu angeweza kwenda nayo sokoni?" Mwalimu wa Historia, Kondoa.

Mwalimu, pande zote mbili za darasa lako zimeshika sehemu ya ukweli, ingawa upande wa sarafu umekaribia zaidi. Medali za makaizari zilipigwa katika karakana zile zile za serikali zilizopiga sarafu, zikiwa na sura ya kaizari upande mmoja na mungu, tukio au jengo upande wa pili. Zile za dhahabu zilikatwa kwa uzito unaolingana na kipimo cha sarafu ya kawaida, yaani mara mbili, mara nne, mara tisa, mara kumi na hata zaidi, kwa hiyo aliyepewa medali ya uzito wa sarafu kumi alijua bila kuuliza mtu kwamba ameshika sarafu kumi. Angeweza kuivunja kwa mbadilisha fedha au kuiyeyusha siku akiwa na dhiki.

Hata hivyo hakuna aliyezipiga ili zikanunue mkate. Zilitolewa na kaizari mwenyewe au kwa jina lake katika siku zilizojulikana: mwaka mpya wa Januari 1, kutawazwa, kuanza kwa ukonsuli (cheo kikubwa cha Roma kilichoshikwa kwa mwaka mmoja), kutimiza miaka mitano au kumi ya utawala, na ushindi vitani. Desturi hiyo ni ya zamani. Suetonius, aliyeandika maisha ya makaizari, anasema kwamba Augustus alipenda kugawa zawadi wakati wa sikukuu, na mara nyingine zawadi hizo zilikuwa sarafu za kila namna, zikiwemo za wafalme wa kale na za nchi za kigeni.

Tangu wakati wa Hadrian (117–138) medali za shaba zilianza kutolewa kwa wingi, na kwa maoni yangu hizo ndizo zenye ufundi mzuri kuliko zote, hata kuliko za dhahabu. Medali za Antoninus Pius, ambaye katika utawala wake mji wa Roma uliadhimisha miaka 900, zinasimulia hadithi za kale za mji huo: Horatius Cocles kwenye daraja la mto Tiber, au nyoka wa mungu Aesculapius akiwasili kisiwani. Shaba yake haikuwa na bei kubwa, na waliozipokea, maseneta, maofisa na marafiki wa nyumba ya kifalme, hawakuzitunza kwa sababu ya uzito wake. Kaizari Commodus aliandaa medali za namna hiyo kwa ajili ya mwaka mpya wa 193, akiwa amevikwa ngozi ya simba kichwani na kujiita Hercules wa Roma. Aliuawa kwa kunyongwa Desemba 31, 192, usiku wa kuamkia siku ya kugawa zawadi zake.

Wanafunzi wanaotetea upande wa nishani nao wasikate tamaa. Medali nyingi za dhahabu zilizopatikana ardhini zimetobolewa, au zimewekewa kikonyo na fremu, ili mwenye nayo aivae shingoni watu wamwone.

"Naomba kujua zilivyotengenezwa. Nimesoma mahali kwamba nyingine zilikuwa za madini mawili. Waliyaunganishaje bila gesi? Na dhahabu yao ilikuwa karati ngapi?" Sonara, Singida mjini.

Fundi, kazi yenyewe ungeitambua mara moja. Madini yaliyeyushwa, yakamiminwa kuwa kipande bapa cha mviringo, na kipande hicho kikapimwa kwenye mizani kabla ya hatua nyingine yoyote. Mchongaji alikuwa amekwisha kuchonga picha kinyumenyume kwenye mihuri miwili ya chuma. Muhuri wa chini ulikazwa kwenye fuawe, kipande kikawekwa juu yake kikiwa cha moto, muhuri wa juu ukashikwa wima, kisha nyundo. Sarafu ndogo ilimalizika kwa pigo moja, lakini medali pana haikukubali picha kwa pigo moja, na ukiangalia kwa kioo cha kukuza unaweza kuona herufi zilizojirudia pale ambapo kipande kiliteleza kidogo kati ya pigo na pigo.

Zile za madini mawili ni za shaba. Fundi alitengeneza kisahani cha shaba nyekundu na pete ya shaba ya manjano inayokizunguka, akakiingiza kisahani ndani ya pete, akavipiga pamoja, na pigo lenyewe ndilo lililovibana. Ukitaka mfano wa siku hizi, chukua sarafu ya Kenya ya shilingi 20. Tofauti ni kwamba kwenye medali ya Kirumi mpaka wa madini mara nyingine unapita juu ya herufi, maana mchongaji hakuona haja ya kuuficha. Pengine aliutaka uonekane, kwa kuwa ndio uliomwambia mpokeaji kwamba hii si fedha ya kawaida.

Kuhusu karati, dhahabu ya karne ya 4, hasa baada ya serikali kukaza ukaguzi wa usafi wake katika miaka ya 360, ilikaribia karati 24. Kodi zilizokusanywa kwa sarafu ziliyeyushwa kuwa vipande vya dhahabu safi na kupimwa upya kabla ya kupigwa tena, na alama ya herufi OB kwenye sarafu za wakati huo ilimaanisha kwamba dhahabu imekwisha kusafishwa kwa moto.

"Mimi ni mhasibu katika taasisi ya umma hapa Dodoma. Ninavyofahamu, sarafu ya Roma katika karne ya 3 ilikuwa imeharibika kabisa. Serikali iliyofilisika iliwezaje kugawa dhahabu kama karanga? Zawadi hizi ziliandikwa kwenye fungu gani?" Msomaji wa Area D, Dodoma.

Ndugu Mhasibu, umegusa kiini cha jambo lote, kwa hiyo jibu lako litakuwa refu.

Ni kweli kwamba sarafu iliharibika. Wakati wa Augustus ratili moja ya madini ya fedha, ambayo ni kama gramu 325, ilitoa dinari 84. Mwaka 64 Nero alitoa dinari 96 kwa ratili, tena akiwa amezidisha shaba ndani yake. Septimius Severus (193–211), aliyewaongezea askari mishahara, alishusha kiasi cha madini ya fedha hadi karibu nusu. Mwanawe Caracalla akaleta mwaka 215 sarafu iliyohesabiwa kuwa dinari mbili huku ikiwa na uzito wa dinari moja na nusu tu. Ilipofika mwaka 270 sarafu hiyo ilikuwa shaba iliyong'arishwa kwa juu, na madini ya fedha ndani yake hayakufika sehemu 5 katika 100.

Sasa tazama nani aliyelipwa kwa sarafu hiyo na nani aliyelipwa kwa dhahabu. Mwaka 41 walinzi wa ikulu walimtawaza Claudius, naye akawapa kila mmoja sesteri 15,000, sawa na dinari 3,750, wakati ambapo askari wa kawaida wa mpakani alipata dinari 225 kwa mwaka mzima. Mwaka 193 walinzi hao waliunadi ukaizari kama mali ya mnada, Didius Julianus akaahidi sesteri 25,000 kwa kila askari, akapewa kiti, na akauawa baada ya siku 66. Kila kaizari aliyefuata alijua kwamba kuna watu wachache wenye silaha ambao hawawezi kupewa shaba iliyong'arishwa. Mkulima na mchuuzi walilazimika kuipokea. Kamanda wa jeshi hakulazimika. Kwa hiyo kadiri fedha ya sokoni ilivyooza, ndivyo vipande vizito vya dhahabu vilivyozidi kupigwa kwa ajili ya maofisa. Hapakuwa na ukinzani wowote katika vitabu vya hazina, kwa sababu ile fedha mbovu ndiyo iliyoiwezesha serikali kuweka dhahabu kando.

Tuichukue medali yenyewe ya picha yetu. Mnamo Septemba 1922, vibarua waliokuwa wakichimba udongo wa matofali huko Beaurains, karibu na Arras kaskazini mwa Ufaransa, walikutana na chungu kilichojaa sarafu, medali na vito, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilisambaa kwa wanunuzi kabla wataalamu hawajafika. Medali maarufu kuliko zote, ndiyo hii ya picha yetu, ilipigwa Trier, mji wa Ujerumani ya leo. Kwenye uso wa nyuma Constantius anaonekana juu ya farasi akiwa na mkuki. Mbele yake, kwenye lango la mji, mwanamke amepiga magoti na kunyoosha mikono, na chini ya miguu yake zimeandikwa herufi LON. Upande wa chini kuna jahazi la vita lenye askari likipita mtoni. Maandishi yanayoizunguka yanamwita "mrejeshaji wa nuru ya milele". Tukio ni la mwaka 296, Constantius alipoirudisha Britania iliyokuwa imejitenga kwa takriban miaka kumi chini ya Carausius na kisha Allectus. Mwenye chungu hicho anadhaniwa kuwa ofisa wa jeshi, kwa kuwa vipande vyake vinafuatana na sherehe za watawala mwaka hadi mwaka, kana kwamba mtu ametunza hati zake zote za malipo ya ziada.

Medali hiyo ina uzito wa sarafu kumi za dhahabu, karibu gramu 53. Wakati huo ratili ya dhahabu ilitoa sarafu 60. Amri ya bei ya Kaizari Diocletian ya mwaka 301 iliweka ratili ya dhahabu kuwa dinari 72,000, kwa hiyo sarafu moja ni dinari 1,200 na medali yetu ni dinari 12,000. Amri hiyo hiyo iliweka ujira wa kibarua wa shambani usiozidi dinari 25 kwa siku, pamoja na chakula. Ukigawanya utapata siku 480 za kulima. Hicho ni kipande kimoja, alichopewa mtu mmoja, kwa tukio moja.

Kuhusu fungu la bajeti, lilikuwepo, tena lilikuwa na wizara yake. Katika karne ya 4 makusanyo ya dhahabu na fedha, migodi, karakana za sarafu na ugawaji wa zawadi za kaizari vyote vilikuwa chini ya ofisa mmoja, ambaye cheo chake kilimtaja kuwa msimamizi wa ukarimu mtakatifu wa kaizari. Mshahara wa kawaida wa askari ulikuwa umegeuka kwa sehemu kubwa kuwa ngano, nguo na malisho ya farasi, vitu vilivyokusanywa moja kwa moja kutoka kwa wakulima; takrima ndiyo iliyolipwa kwa dhahabu. Julian alipotawazwa na askari mjini Paris mwaka 360 aliahidi sarafu 5 za dhahabu na ratili moja ya fedha kwa kila mtu. Tuseme ni askari 10,000 tu: hizo ni sarafu 50,000, na kwa kipimo cha wakati huo cha sarafu 72 kwa ratili, ni ratili 694, zaidi ya kilo 225 za dhahabu, bado hujahesabu ratili 10,000 za fedha.

Zilitoka wapi? Constantine, aliyeanzisha sarafu ya kipimo hicho cha 72 mnamo mwaka 309, aliteka hazina ya mpinzani wake Licinius mwaka 324 na akachukua dhahabu ya mahekalu. Aliweka kodi kwa maseneta, na kodi nyingine kwa wafanyabiashara wote, hadi mchuuzi wa mwisho, iliyodaiwa kila baada ya miaka michache kwa dhahabu na fedha. Miji ilitakiwa kutoa "taji la dhahabu" kwa hiari kila kaizari alipotawazwa, na hiari hiyo nadhani mhasibu wa serikali anaifahamu. Zosimus, mwandishi ambaye hakumpenda Constantine hata kidogo, anadai kwamba msimu wa kodi ya wafanyabiashara ulipowadia wazazi waliuza watoto wao. Hata tukipunguza chumvi yake, kodi hiyo ilichukiwa kiasi kwamba Kaizari Anastasius alipoifuta mwaka 498 watu walishangilia. Jambo la kutazama ni njia ambayo dhahabu ilipita: ilitoka kwa mchuuzi, ikaenda kwa msimamizi wa ukarimu, ikapigwa sura ya kaizari, ikampa ofisa sababu ya kutoasi mwaka huo.

"Sisi wachimbaji wadogo huku Iramba tumezoea kusikia kwamba wazungu wa kale walichimba kwa watumwa tu. Ni kweli? Na walichimba kwa njia gani bila baruti?" Mchimbaji, Iramba.

Ndugu yetu, watumwa na wafungwa walikuwepo, lakini hawakuwa peke yao. Kule Dacia, nchi ambayo leo ni Romania na ambayo Trajan aliiteka kabisa mwaka 106 kwa sababu mojawapo ikiwa ni dhahabu yake, wachimbaji wa karne ya 2 waliacha mbao zilizopakwa nta ndani ya mashimo ya Alburnus Maior, mahali panapoitwa sasa Roșia Montană. Mbao hizo ni mikataba. Mmoja, wa Mei 164, unamhusu mtu huru aitwaye Memmius, mwana wa Asclepius, anayekubali kufanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Aurelius Adiutor hadi katikati ya Novemba kwa dinari 70. Maji yakijaa shimoni na kuzuia kazi, mshahara utakatwa kwa kadiri ya siku zilizopotea. Mkataba umeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake kwa sababu Memmius alisema hajui kusoma wala kuandika. Dinari 25 wakati huo zilikuwa sarafu moja ya dhahabu, kwa hiyo karibu miezi sita chini ya ardhi ilimpatia thamani isiyofika sarafu tatu, kama gramu 20 hivi, na hatari ya maji ilikuwa juu yake. Nadhani kuna watu Iramba watakaosoma kifungu kile cha maji mara mbili.

Njia ya uchimbaji ilitegemea mahali. Dacia walifuata mishipa ya mwamba kwa patasi, nyundo na moto wa kupasulia mawe. Kaskazini magharibi mwa Hispania, hasa Las Médulas, dhahabu ilikuwa imetapakaa ndani ya milima ya udongo na changarawe, na huko silaha ilikuwa maji. Walichimba mifereji ya makumi ya kilomita kuyaleta maji milimani, wakayakusanya kwenye mabwawa juu ya kilele, wakatoboa mahandaki ndani ya mlima, kisha wakayafungulia yote kwa mara moja ili mlima uporomoke na tope lake liogeshwe kwenye mifereji ya kunasia dhahabu. Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyewahi kuwa ofisa wa fedha huko Hispania, anataja makadirio ya ratili 20,000 za dhahabu kwa mwaka kutoka Asturia, Callaecia na Lusitania. Kwa kipimo chetu hizo ni tani 6 na nusu. Mabonde mekundu yaliyobaki yanaonekana hadi leo, na UNESCO imeyaweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Dacia iliachwa na Aurelian mnamo mwaka 271, wakati ambapo uchimbaji wa Hispania ulikuwa umekwisha kudhoofika. Ndiyo maana makaizari wa karne ya 4 niliowataja katika jibu lililotangulia walikazania kodi na mahekalu zaidi kuliko migodi mipya.

Na kwa kuwa wewe ni wa Iramba, ni vizuri ujue kwamba dhahabu ya wilaya yako nayo iliwahi kupigwa sarafu kwa ajili ya vita. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezibwa baharini na hawana fedha ya kulipia jeshi, walichukua dhahabu ya Sekenke, wakaipeleka kwenye karakana ya reli Tabora, na kupiga huko sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazitafuta kwa bei kubwa, na wengi wao Sekenke hawaijui ilipo.

"Je, medali hizi zilivuka mipaka ya Roma? Na kuna dalili yoyote kwamba zilifika pwani yetu?" Mwanafunzi wa Chuo Kikuu, Dodoma.

Kijana wetu, upande wa kaskazini zilivuka sana, na zilivuka kwa makusudi. Wafalme na machifu wa ng'ambo ya mito Rhine na Danube walipewa medali kubwa za dhahabu ili wakae kwa amani au walete askari. Hazina iliyofukuliwa mwaka 1797 huko Szilágysomlyó, ambayo leo iko Romania, ilikuwa na medali za makaizari wa karne ya 4 zilizowekewa fremu nene na vikonyo na mafundi wa huko huko. Sasa ziko makumbusho mjini Wien. Watu wa Skandinavia waliziiga kwa kupiga vibati vyembamba vya dhahabu vyenye kichwa cha mtu, wakivivaa shingoni katika karne ya 5 na ya 6. Gregory, askofu wa Tours, anasimulia kwamba mfalme Chilperic wa Wafranki alimwonyesha kwa majivuno medali alizoletewa na Kaizari Tiberius wa Pili (578–582), kila moja ikiwa na uzito wa ratili nzima, zimeandikwa "Utukufu wa Warumi". Mpaka kati ya zawadi na kodi ya kununua amani ulikuwa mwembamba: Attila, mfalme wa Wahun, hakuhitaji picha ya mtu, alipokea ratili 700 kwa mwaka, na baada ya mwaka 447 alipandisha hadi ratili 2,100.

Upande wetu habari ni tofauti. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri, unaitaja pwani ya Azania na bandari yake ya mwisho, Rhapta, ambayo wataalamu wengi huiweka katika pwani ya Tanzania. Bidhaa zilizoletwa ni mikuki iliyofuliwa Muza huko Arabia, mashoka, visu, misharasi na vioo vya aina mbalimbali. Zilizoondoka ni pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Sarafu hazimo katika orodha hiyo ya Azania. Kilichomo ni divai na ngano, na mwandishi anaeleza kwamba hivyo havikuletwa kuuzwa, vililetwa kuwakirimu wenyeji ili wawe na moyo mwema. Dhahabu na fedha ya Warumi ilielekea zaidi India, ambako hazina nyingi za sarafu zimefukuliwa kusini mwa nchi. Plinius alilalamika kwamba India, China na Arabia ziliinyonya dola sesteri milioni 100 kila mwaka.

Pembe za ndovu nazo ziliishia kwenye meza ile ile ya zawadi. Sheria ya mwaka 384 ilikataza mtu yeyote asiyekuwa konsuli wa mwaka kugawa zawadi za dhahabu na vibao vya pembe za ndovu, maana maofisa matajiri walikuwa wameanza kushindana na wenye haki hiyo.

"Kuna kijana ananiletea medali anayosema ni ya Kirumi, ya dhahabu, kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Anataka milioni nne. Mnanishauri nini?" Mama mfanyabiashara, Majengo, Dodoma.

Mama, usitoe hata shilingi kabla hujaipeleka kwa sonara mwenye mizani ya uhakika. Medali ya kweli ya ukubwa huo ingekuwa na dhahabu yenye thamani kubwa kuliko milioni nne hata ikiyeyushwa leo, na muuzaji anayeijua mali yake hawezi kuiuza chini ya bei ya dhahabu yake. Mwambie sonara atazame ukingo kwa kioo: medali iliyopigwa kwa nyundo haina mstari wa maungio, ile iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi inao, au ina vitundu vidogo vya hewa. Kughushi si jambo la jana. Katika karne ya 16 Giovanni da Cavino wa Padova alichonga mihuri ya medali za Kirumi kwa ustadi mkubwa hata wakusanyaji wenye majina makubwa wakanaswa, na kazi zake zenyewe sasa zinawekwa makumbusho.

Ujue pia kwamba medali zilizo kubwa kweli zinahesabika, na wataalamu wanazijua moja moja. Ile ya Justinian, yenye uzito wa sarafu 36, yaani nusu ratili, ilipatikana mwaka 1751 huko Kayseri, Uturuki ya leo, ikapelekwa Paris, ikaibiwa mwaka 1831 na kuyeyushwa. Kilichobaki ni nakala zilizotolewa kwenye umbo lake kabla ya wizi huo, kwa hiyo yeyote atakayekuletea "ya Justinian" anakuletea nakala ya nakala. Na kijana akishikilia kwamba ameifukua hapa nchini, mjulishe kwamba kitu cha kale kilichofukuliwa kinasimamiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kwamba mtu wa kwanza kukiona anapaswa kuwa ofisa wa Idara ya Mambo ya Kale, ambaye atakitazama kabla ya mnunuzi yeyote.